Upenyo Chini ya Mlango wa Koko

Karatu,
Jumapili jioni

Mwanangu Paulina,

Mama yako yuko chumbani kwako anafungua begi alilokwisha kulifunga, na kwa sauti ninazozisikia nadhani mmefika kwenye ubishi wa sweta. Chukua sweta. Hayo mengine ya sabuni, ya nauli na ya namna ya kuwaamkia masista atakuambia yeye, maana anayajua kuliko mimi. Mimi nimekaa hapa mezani na chemli yangu, na nataka kukuandikia jambo moja tu, ambalo limenishinda kulisema kwa mdomo tangu tulipokubaliana uende Endulen ukajifunze ushonaji na ukae na Koko, bibi yako mzaa mama.

Sijakaa bure, nimejaribu. Juzi tulipokuwa tunapukuchua mahindi nilianza, "Paulina, unajua Koko akiwa amelala..." Ukaacha gunzi, ukaniangalia, ukangoja. Nikasema, "...hapendi kelele." Ukacheka, ukasema, "Baba, nani anapenda?" Tukaendelea na mahindi.

Unanijua nilivyo. Ni mtu wa kuamka kuangalia kama mlango umefungwa, halafu kuamka tena kuhakikisha kwamba kweli niliuangalia. Mama yako husema nilifaa ukarani kwa sababu ni kazi pekee ambayo mtu analipwa kwa kuogopa kukosea. Ninyi watoto mmekua mkidhani nilizaliwa hivi. Huenda ni kweli kidogo. Lakini hofu yangu ina mahali ilipoanzia, na wewe ulikuwepo, ingawa hukumbuki.

Koko sasa amezeeka na anaishi peke yake katika ile nyumba ya bati aliyojengewa na mjomba wako karibu na hospitali. Umesikia jinsi mke wa mjomba alivyotumwa awe anamwangalia kila asubuhi, na jinsi Koko alivyomfukuza: "Bado sijafa! Rudi kesho ujaribu bahati yako!" Hataki kuangaliwa. Amekukubali wewe kwa sababu unaenda kama mwanafunzi, si kama mlinzi. Basi kuanzia kesho, katika nyumba ile, kati ya Koko na dunia utakuwepo wewe tu.

Na itafika siku utasimama mbele ya mlango wake, ndani kumetulia, na hutajua kama ukimya ule ni wa usingizi au wa kitu kingine. Mimi nimewahi kusimama hapo. Ndani alikuwemo Koko huyo huyo. Na wewe ulikuwemo.

Nilikuwa kijana. Nilikuwa nimetoka kwetu Rhotia na cheti changu cha kidato cha nne, nikapata ukarani katika kambi ya barabara kule juu, ukingoni mwa kreta. Tulipewa nyumba ya kambi: kuta za saruji, bati, vyumba viwili na sebule katikati. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza unajifunza kutembea, na ulianguka mara nyingi kuliko ulivyosimama.

Baridi ya kule utaionja kesho lori likipandisha. Ukungu wa pale hauji kama wa hapa Karatu, unaopita na kwenda zake. Ule unaingia ndani, unakaa kitini, unalala kwenye blanketi. Nyati walikuwa wanalala nyuma ya choo chetu, na asubuhi tulikuta majani yamelala kwa umbo la matumbo yao. Mimi mtoto wa Rhotia nilidhani naijua baridi, lakini nilikuwa naogopa kwa ajili ya kifua chako. Kwa hiyo nikafanya kazi moja ambayo nilijivunia mno. Nilichemsha uji mzito wa ngano, nikachukua magazeti ya zamani ya ofisini, nikabandika kila ufa wa dirisha na kila tundu kati ya ukuta na bati. Kioo kimoja kilikuwa kimevunjika, nikaweka gunia na ubao. Mama yako akazunguka akitazama, akasema, "Umetufungia ndani ya debe." Nililichukua neno hilo kama sifa.

Mahali pamoja tu palinishinda. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa mfupi, haukufika sakafuni. Kila nikiweka kitambaa pale chini, mtu akifungua kinasukumwa. Nikasema nitatafuta ubao. Sikuutafuta. Paulina, nimekuwa mtu makini maisha yangu yote, na kitu kilichonibakishia mtoto ni kazi ambayo sikuimaliza.

Koko akaja kukaa nasi, maana mama yako alikuwa na mimba ya mdogo wako Daudi na hakuweza kuinama. Tukampa chumba hicho cha pili.

Sasa lazima nikuambie habari za adabu, maana bila hiyo utadhani baba yako alikuwa mjinga tu. Mimi Mmbulu nilipooa kwa Wamaasai, vichwa vilitikiswa pande zote mbili. Nikaamua kwamba hakuna atakayenikuta na kosa. Nikamwomba mama yako anifundishe adabu za mkwe, nikazishika kama nilivyoshika masomo ya mtihani. Humtazami mama mkwe usoni. Huli mbele yake. Humtaji jina. Huingii anapolala. Siku moja mjomba wako alikuja kutusalimia, akanikuta nazunguka nyuma ya nyumba kwenye matope, nimeshika viatu mkononi, ili nisipite mbele ya Koko aliyekuwa anaota jua. Alicheka mpaka akaegemea fimbo yake kwa mikono yote miwili. "Shemeji," akasema, "wewe unatushinda Umaasai. Sisi wenyewe huwa tunasahau."

Mimi sikusahau. Mtu aliyezaliwa ndani ya desturi anajua mahali inapopinda. Mimi niliyeisoma niliijua ikiwa imenyooka tu.

Koko naye hakuipenda nyumba yetu. "Haina moto tumboni," alimwambia mama yako. Unaijua nyumba yake ya zamani kule bomani, moto ulikuwa unawaka ndani usiku na mchana, moshi ukitafuta njia yake kupitia vitundu vya ukuta, na watu wanalala pembeni ya moto huo tangu babu na bibi zao. Kwa hiyo kuingiza jiko la mkaa chumbani kwake lilikuwa jambo la kawaida kabisa, tena mkaa ulimpendeza kwa kuwa hautoi moshi wa kumwumiza macho. Yeye aliijua nyumba inayopumua. Mimi nilikuwa nimempa nyumba niliyoiziba pumzi kwa mikono yangu mwenyewe, na wala hatukuwahi kuzungumza, maana mkwe na mkwe hawana mazungumzo ya kukaa na kuulizana habari za madirisha.

Siku yenyewe mama yako alipanda lori la kambi alfajiri kwenda kliniki Karatu. Kabla ya kuondoka alikupikia uji, akaufunika kwa sahani mezani. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba greda halikuweza kutoka, nyapara akawarudisha watu, nami nikabeba makaratasi yangu nikaja kufanyia kazi sebuleni. Koko alikuwa ameingiza jiko lake, akakuchukua, akafunga mlango kuzuia baridi.

Nilikuwa nawasikia. Koko alikuwa anakuimbia ule wimbo wake wa ndama, ulikuwa unaupenda, na kila alipofika mahali pa kuiga mlio wa ndama ulicheka kwa sauti ya juu. Akaimba tena. Ukacheka tena, kidogo. Kisha wimbo ukawa unakatika katikati, kama mtu anayesahau maneno. Kisha nikasikia kimya.

Nataka ujue kwamba nilifurahi. Nilidhani mtoto amelala, mama mkwe amepumzika, nyumba imetulia, na mimi nina makaratasi. Niliandika kwa raha. Leo nikikumbuka ile raha naona jinsi kimya cha amani na kimya kile vinavyofanana, kama mapacha, hata mzazi hawezi kuvitofautisha kwa sikio.

Uji ndio ulionishtua. Nilinyoosha mkono kuchukua wino, kiwiko kikasogeza ile sahani, nikaona uji umepoa na umefunga ngozi juu. Sasa, wewe na uji, Paulina! Hukuwahi kuuacha upoe. Ulikuwa unausikia ukimiminwa hata ukiwa nje. Nikatazama ule mlango.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ambacho nimeshindwa kukuambia kwenye mahindi.

Nilikohoa. Kikohozi cha adabu, kile cha kumjulisha mkwe kwamba upo. Nikangoja. Nikakohoa tena, kikubwa. Nikaburuta kiti. Nikaangusha kijiko, nikakiokota, nikakiangusha tena. Nikafungua redio, nikaongeza sauti, mtu akawa anasoma bei za mazao humo ndani ya nyumba yangu kama anahubiri. Nikaizima. Nikatembea mbele ya mlango, kwenda na kurudi, nikipiga viatu chini. Nikagonga ukutani, si mlangoni, ukutani. Mwisho nikaita, "Koko! Koko!" kwa jina lako wewe la kumwita, maana mimi sikuwa na jina lolote la kumwita.

Hapakuwa na kitu. Na mlango haukuwa na komeo. Ulikuwa pale, naufikia kwa mkono.

Kichwani nilikuwa na watu wawili wakibishana. Mmoja alisema, ingia. Mwingine, aliyesoma sana, akasema: na kama amelala tu? Na kama amevua shuka? Ataamka akukute umesimama juu yake, wewe Mmbulu uliyeaminiwa binti, na hilo halitafutika mpaka kizazi chenu kiishe. Yule wa pili alizungumza vizuri zaidi.

Nikavaa koti, nikatoka nje kwenda kutafuta mwanamke wa kuingia badala yangu.

Nyumba ya karibu ilikuwa ya Mama Petro, mke wa dereva wa greda, mama mnene mcheshi aliyetoka Kilimanjaro. Karibu kwa siku ya jua. Katika ukungu ule nilienda nikipapasa, nikisikia nyati wakitafuna mahali fulani nisipopaona. Wewe unajua ninavyoogopa hata ng'ombe wa jirani. Siku ile niliogopa mlango kuliko nyati. Nilimkuta jikoni kwake anamenya viazi.

"Karibu, karani," akasema. "Leo umewakimbia nyati, au wao wamekukimbia?"

"Mama Petro, naomba uje nyumbani. Mkwe wangu amelala na mtoto na hawaamki."

"Umewaita?"

"Nimekohoa."

Kisu chake kikasimama. "Umekohoa."

"Na nimegonga ukuta. Na redio nimefungua."

"Baba Paulina. Mlango umefungwa kwa ndani?"

"Hapana. Hauna komeo."

"Sasa huku umefuata nini?"

"Mwanamke. Wa kuingia."

Alinitazama. Viazi vikamwagika kutoka mapajani mwake alipoinuka. "Kimbia!" akasema. "Mimi nina miguu hii, nakuja nyuma yako. Ukifika usinisubiri."

Nami, mwanangu, nilisimama pale pale, nikasema, "Lakini kama amelala tu atakasirika."

"Akikasirika, shukuru!" Mama Petro akapiga kelele, akanisukuma kifuani kwa mkono wenye maganda ya viazi. "Anayekasirika anapumua! Kimbia, wewe mwanamume!"

Nikakimbia. Kitu kikubwa cheusi kilikoroma upande wa kushoto, nikapita. Niliingia sebuleni na viatu vya tope, nikasukuma mlango, na mlango haukwenda. Kulikuwa na uzito nyuma yake, uzito laini. Nikasukuma kidogo kidogo, na joto likanijia usoni kama pumzi ya mtu mgonjwa.

Uzito ule ulikuwa wewe.

Ulikuwa umelala kifudifudi, shavu sakafuni, pua na mdomo vimeelekea pale chini ya mlango, kwenye ule upenyo ambao sikuuziba. Hukuwa kitandani alikokulaza Koko. Ulikuwa umeshuka, au umeanguka, ukatambaa mpaka pale. Sijui ulifuata mwanga, au harufu ya uji, au ulifuata viatu vyangu. Maana viatu vyangu vilikuwa vinapita hapo hapo, Paulina. Nilipokuwa natembea kwenda na kurudi nikipiga miguu kwa adabu, nadhani ulikuwa unaviona. Kati ya uso wako na visigino vyangu palikuwa na mbao tu.

Nilikubeba nje, nikakulaza kwenye majani yenye umande, nikarudi. Koko alikuwa ameegemea kitanda, mdomo wazi, jiko jekundu kabisa mbele yake, zuri, halina hata uzi wa moshi. Nilimshika kwapani. Yule niliyekuwa nazunguka kwenye matope nisipite mbele yake, nilimkumbatia kifuani na kumburuta, ushanga wake ukikwaruza sakafu, nikimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Nikaona kwamba ana uso wako. Nilikuwa sijui. Nilikuwa nimeishi naye nyumba moja na sikujua kwamba mtoto wangu anafanana naye.

Mama Petro alifika akihema, akakunyakua, akakugeuza, akakupiga mgongoni, akakupepea kwa kanga. Mimi nilikuwa chini, kichwa cha Koko mapajani pangu. Tukangoja.

Sina maneno ya kueleza kungoja kule. Nimeishi miaka yote hii kati ya watu wanaopumua, na kabla ya pale sikuwahi kuisikia pumzi. Nilidhani ni kitu kilichopo tu, kama ukuta. Kisha nikasikia sauti ndogo kama mtu anayepasua karatasi taratibu, nikageuka, kumbe ni wewe. Ulivuta hewa, ukaikosa, ukaivuta tena, ukatapika kwenye kanga ya Mama Petro, ukalia. Na chini ya mikono yangu kifua cha Koko kikapanda.

Wakati huo ukungu ulikuwa unafunguka, kama unavyofanya kule bila kumwuliza mtu. Kreta yote ikatokea chini yetu, ziwa linang'aa, wanyama wametawanyika kama ulezi uliomwagika. Nilikuwa nimekaa pale miezi na nilishaizoea. Siku ile niliitazama upya. Kitu kikubwa kiasi kile kilikuwa kimetandazwa mbele ya vifua viwili, kimoja kidogo na kimoja kikongwe, na macho yangu hayakujua kipi ni cha ajabu zaidi. Mpaka leo hayajui.

Koko akafumbua macho. Kiswahili chake unakijua, kile alichojifunza mnadani kwa kuuza mbuzi.

"Nani ameshika mimi?"

Mama Petro akasema, "Ni mkweo, mama. Amekutoa ndani."

Nikaona mkono wake unainuka polepole, unatafuta ncha ya shuka, unaivuta, unafunika uso. Nikasema moyoni, basi, yamekwisha, nimemwaibisha. Kisha sauti ikatoka chini ya shuka:

"Mtoto wapi?"

"Huyu hapa. Analia."

"Nasikia," Koko akasema. "Acha alie. Alie sana."

Na kichwa chake hakukiondoa mapajani pangu. Amefunika uso kwa adabu, na amelaza kichwa kwa mkwewe kama mtoto. Tulikaa hivyo mpaka lori la Karatu likarudi, na mama yako akashuka, akatuona, akaketi barabarani.

Hospitalini waliwalaza. Kichwa kilimwuma Koko kwa muda mrefu. Muuguzi alinieleza habari za mkaa katika chumba kilichozibwa, kwamba kuni zinakuonya kwa moshi, mkaa hauonyi. Nilirudi nyumbani nikabandua magazeti yangu yote kwa kisu, na baridi ikaingia.

Koko alipopona alinitumia kondoo jike. Kwao, watu wakipeana kondoo huacha majina yao na kuitana Paker. Ndiyo maana umesikia maisha yako yote mimi na Koko tunaitana hivyo, na uliniuliza nikakuambia ni mambo ya wakubwa. Nilikuwa sina jina la kumwita, naye akanipa.

Nilikosea tena baadaye, kwa upande wa pili. Koko alipokuja tena kukaa nasi, wakati Daudi alipozaliwa, nilikuwa nagonga mlango wake kila dakika. Nilikuwa nakuwekea kidole chini ya pua mpaka unaamka unalia. Mama yako akasema, "Hukutuua kwa mkaa, sasa utatuua kwa kukosa usingizi." Mwisho Koko aliongea nami kupitia mlango, kwa upole. "Paker. Mimi mzee. Nataka kulala bila karani." Nikasimama pale nje nimejishika mikono. Nikasema, "Paker, naogopa." Sijawahi kumwambia mwanamume yeyote neno hilo. Nikasikia kikopo chake cha ugoro kikigongwa ukutani, ko, ko. "Unasikia? Asubuhi nitafanya hivi. Wewe kohoa, nijue na wewe hujafa. Halafu tuachane."

Tangu hapo, kila alipolala kwetu, asubuhi kabla hajatoka niliisikia ko, ko, nami nikakohoa. Hakuna aliyejua. Hata mama yako alidhani nina kifua kibovu.

Nilimwona Pasaka. Bado anagonga kikopo, Paulina, nadhani hajui tena kama anagonga. Utakisikia asubuhi kupitia ukuta. Huna haja ya kumwambia kwamba unajua maana yake. Wewe kohoa tu, au angusha ndoo, au imba. Mwache na mlango wake. Akitaka kulala mchana mzima mwache, akitaka kukufukuza toka nje ukae kidogo urudi. Heshima yake ni kitu kikubwa, na nimekuonyesha kwamba hata alipokuwa amerudi kutoka kule alikokuwa, aliitafuta kwanza kwa vidole. Lakini umeona pia ni kitu gani. Ni shuka. Inavutwa juu tena baadaye, na hakuna kilichoharibika.

Siku usiyosikia kikopo, usikohoe mara mbili. Usitafute mtu aliye bora kuliko wewe wa kuingia. Hutakuwa na uhakika. Mimi sikuwa nao, na yule anayengoja apate uhakika anaupata akiwa amechelewa. Ingia na wasiwasi wako. Ukimkuta amelala tu, atakutukana kwa Kimaasai na kwa Kiswahili cha mnadani, na jioni atawasimulia majirani jinsi mjukuu wake alivyo mpumbavu. Uwe mpumbavu huyo.

Nilipofika hapa niliacha kalamu. Mama yako alikuwa amekwisha kutoka chumbani kwako, na ule mstari wa mwanga chini ya mlango wako ulikuwa umezimika. Umelalamika miaka yote kwamba mlango wako haufiki sakafuni na panya wanapita. Mimi ndiye niliyemwambia fundi aukate. Sasa unajua.

Nilisimama hapo nje. Wewe ni binti mkubwa sasa, na baba haingii chumba cha binti mkubwa. Ndani kulikuwa kimya. Nikasema nafsini, amelala, ana safari kesho, mwache. Yule msomi wangu wa zamani alizungumza vizuri kama siku zote.

Nikaita, "Paulina."

Kimya.

Nikashika mlango. "Paulina!"

"Baba! Nini tena? Nimelala!"

"Hakuna kitu, mwanangu."

"Sasa si uniache nilale! Sweta nimeweka!"

Nimerudi mezani. Mama yako anacheka kitandani. Sauti yako ilipita chini ya mlango imejaa hasira, nzima, na nimeshiba nayo.

Kesho ukifika, kabla ya salamu nyingine zote, mwambie Koko kwamba Paker wake amekohoa. Ataelewa.

Baba yako.